Siki na Magadi

Jumamosi, saa tatu usiku, mjini Hull.
Luku (wenyeji wana jina lao refu, mimi naiita luku)
inasema imebaki pauni moja na peni arobaini.
Oveni hii hunywa umeme kama ng'ombe aliyefika kisimani,
na maziwa yake siyataki.
Nitaoka mara moja tu.

Mezani: vikombe vitatu vya unga wa ngano,
ule wa mfuko mweupe usio na picha;
sukari iliyoganda kwa unyevu, nimeiponda kwa chupa;
kakao ya mwisho, nimeligonga kopo matakoni
mpaka likatema;
mafuta ya alizeti. Nimeyanusa. Hayanuki samaki, alhamdulillahi.
Siki. Magadi ya unga. Maji ya bomba.

Yai hakuna, siagi hakuna.
Maziwa hayavuki kizingiti cha nyumba hii,
kwa sababu ya mjukuu wangu Shamimu:
tone moja, midomo ikavimba,
koo likajifunga kama duka la Ijumaa,
na ile sindano ya paja iliyo juu ya friji
si kitu cha kukisikia kikipigwa mara mbili.

Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa.
Hawakutuambia kibaba kikijaa
na ng'ombe kakatazwa, tukande na nini.

Keki ya kwanza niliwatupia njiwa uani.
Wakaizunguka, wakashauriana, wakaenda zao.
Bi Beryl wa nyumba ya pili aliona kila kitu dirishani,
miaka themanini na mitatu, magoti mabovu,
paka mmoja mwenye jeuri.
Akanigongea, mkononi karatasi yenye rangi ya chai,
mwandiko wa mama yake wa siku za vita,
yai likihesabiwa, siagi ikigawiwa ukubwa wa dole gumba.
"Siki," akasema. "Siki na magadi. Usiulize."

Sikuuliza. Foleni nazijua.
Korogwe, mwaka themanini na mbili,
nilipanga mstari wa sukari kwa jiwe:
jiwe langu lilisimama, mimi nikaenda kuchota maji,
na niliporudi jiwe la mtu mwingine lilikuwa mbele yake.
Nikamsimulia kwa Kiingereza changu cha kuazima.
Akacheka hadi akashika ukuta.
"Sisi," akasema, "tuliwaweka watoto. Jiwe mimi."

Basi, chekecha unga. Toboa mashimo matatu, kama ya bao.
Moja mafuta. Moja siki.
La tatu karatasi inataka vanila, nami vanila sina;
nimetwanga iliki punje sita. Mama yake Beryl atanisamehe.
Mimina maji juu ya yote, koroga upesi,
na hapo siki inakutana na magadi:
povu likafoka, bila moto, bila yai,
kama mtu aliyekumbushwa deni mbele za watu.

Ndani haraka.
Chini ya keki nimepanga viazi vinne,
joto likishalipiwa lisikae bure.

Nikageuka, Shamimu yuko mlangoni, soksi mguu mmoja.
Hasemi shikamoo. Anauliza lile aulizalo kwa kila chakula
tangu alipojua kusema:
"Kina maziwa?"
"Hakina."
"Hata kidogo?"
"Hata harufu."
Akautazama mwiko niliokuwa naupeleka kwenye beseni.

Miaka sita, na jikoni za watu
ameona watoto wengine wakigombea mwiko,
yeye kasimama nyuma, mikono mgongoni, kama askari wa benki.

Nikampa.

Aliulamba upande mmoja, akaugeuza,
akaulamba mpini ambako hapakuwa na kitu,
kidevu chote kakao, macho kayafumba.
Hakusema neno. Nami sikumtafutia.

Luku ikalia. Peni kumi na moja.
Keki imeiva, imepasuka kidogo juu.
Viazi, katikati, bado vigumu.